Mdoli Kwanza Uwe Mtu, Sinema Baadaye

Mwaka 1986 kampuni ya matoi ya Hasbro ya Marekani iliamua Optimus Prime afe. Huyu ni kiongozi wa maroboti mema katika katuni ya Transformers, lori jekundu linalosimama likawa shujaa, na kwa miaka miwili watoto wa Marekani walikuwa wakirudi kutoka shule wanamkuta kwenye televisheni. Walioiandika filamu ile ya katuni walieleza baadaye, bila kuficha, kwamba uamuzi ulitokana na mauzo. Matoi ya mwaka 1984 na 1985 yalishamaliza muda wake dukani, mapya yalikuwa yanasubiri nafasi kwenye rafu, na ikaonekana njia ya mkato ya kuyaondoa ya zamani ni kuyaua mbele ya watazamaji, mengi kwa mpigo, mapema kabisa katika filamu.

Watoto waliangua kilio ukumbini. Barua za malalamiko zikamiminika. Mwanzoni mwa 1987 Optimus Prime akafufuliwa kwenye televisheni, na filamu ya G.I. Joe (safu nyingine ya matoi ya Hasbro), iliyokuwa bado inatengenezwa, ikabidi irekebishwe: askari aitwaye Duke, ambaye alipangiwa kufa, akaongezewa maneno machache ya kuonyesha kwamba amezimia tu. Picha za kifo zilikuwa zimeshachorwa, kwa hiyo walichobadilisha ni sauti.

Kampuni iliamini inauza plastiki yenye bawaba na stika. Mteja wake wa miaka saba alikuwa amenunua mtu.

Hapo ndipo ulipo mjadala wote wa namna toi linavyokua likawa kipindi cha televisheni na hatimaye sinema ya mabilioni. Na ndipo ninapotofautiana na vijana wengi wa hapa Dodoma ninaowasikia wakizungumzia kutengeneza katuni. Mazungumzo yao huanzia kwenye filamu: tuna hadithi, kompyuta tunazo, tumekosa mfadhili. Wanaitazama sinema iliyokamilika wanadhani ndiyo mwanzo wa safari. Kwa safu zote kubwa za matoi ninazozifahamu, sinema imekuja mwishoni, wakati mwingine baada ya nusu karne, na kilichoibeba kilikuwa kimeshaandikwa zamani kwenye karatasi chache.

Transformers ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Haikuanzia Hollywood. Ilianzia Japani, kwenye kampuni ya Takara, iliyokuwa na safu mbili tofauti. Moja, Diaclone, ilikuwa ya magari na ndege zinazogeuka kuwa maroboti, na ndani ya kila roboti kulikuwa na nafasi ya kumkalisha dereva mdogo wa plastiki. Nyingine, Micro Change, ilikuwa ya vitu vya kawaida kama redio kaseti na bastola, navyo vikikunjuliwa vinakuwa maroboti. Ufundi wake ulikuwa wa hali ya juu. Lakini lori lile lilikuwa mashine tu. Halikuwa na urafiki na yeyote wala kinyongo na yeyote. Aliyekuwa na akili ni dereva.

Hasbro walipochukua leseni ya kuyauza Marekani, waliwaendea wahariri wa Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni ya New York. Jim Shooter akaandika msingi wa hadithi: sayari ya Cybertron, pande mbili za maroboti, vita iliyowaleta hadi duniani. Dennis O'Neil akatoa jina la Optimus Prime. Majina na wasifu wa wengi waliobaki akaandika Bob Budiansky, kwa siku chache tu mwishoni mwa 1983. Yeye ndiye aliyeleta jina la Megatron, na Hasbro waliposita kwamba linatisha mno, aliwajibu kwamba adui mkuu anapaswa kutisha.

Tazama kilichofanyika hapo. Dereva alitolewa ndani ya roboti. Akili, hasira, woga na utani vilivyokuwa vya yule mtu mdogo wa plastiki vikahamishiwa kwenye lori lenyewe. Plastiki ilikuwa ileile, imetoka kwenye kalibu zilezile za Japani, lakini sasa lori lilikuwa na nafsi. Fedha zote zilizofuata, pamoja na dola zaidi ya milioni 700 za sinema ya mwaka 2007 na zaidi ya bilioni moja kwa kila mojawapo ya zile za 2011 na 2014, zilipita kwenye mlango huo.

Karatasi zenyewe ziliishia nyuma ya boksi. Kila Transformer alikuja na maelezo mafupi: jina, kazi yake, msemo wake, tabia yake na udhaifu wake. Chini yake kulikuwa na vipimo vinane, kama nguvu, akili, kasi na ujasiri, vimechapwa kwa rangi zilizochanganywa makusudi visisomeke. Mtoto alipewa kipande cha plastiki nyekundu. Akikiweka juu ya karatasi, alama zinajitokeza. Ni hila ndogo na ya bei rahisi, lakini fikiria inamfanya nini mtoto: anasoma siri ya rafiki yake. Huffer, kilori kidogo cha rangi ya chungwa, anaelezwa kuwa mlalamishi anayeumwa na kukumbuka nyumbani. Lori lenye hamu ya kwao! Starscream ni ndege anayemtumikia bosi huku akiitamani nafasi yake. Mtoto akiyashika matoi hayo mawili mkononi, mchezo unaanza bila televisheni.

Hasbro walikuwa wamejifunza jambo hili miaka miwili kabla, kwa G.I. Joe. Toi hilo lilikuwepo tangu 1964 likiwa mdoli mkubwa wa askari. Mwaka 1982 lilirudi dogo, kama urefu wa kidole, likiwa kikosi kizima, na Larry Hama wa Marvel akapewa kumwandikia kila askari faili lake. Hama alikuwa amewahi kuwa mwanajeshi, na inaonekana kwenye maandishi yake: kila mmoja ana jina halisi, mahali alipozaliwa, utaalamu alioupata jeshini na neno moja au mawili kuhusu moyo wake. Faili lilichapwa mgongoni mwa kifungashio, na mstari wa nukta ukionyesha mahali pa kupitisha mkasi. Watoto walilikata wakalihifadhi, na wako watu wazima leo wanaoyauza mafaili hayo kwa wakusanyaji, maana boksi lilitupwa na karatasi ikabaki.

Hilo ndilo ningependa mchoraji wa Dodoma alishike kabla ya kufungua programu ya kuchora: askari wa plastiki mwenye mahali alipozaliwa ana thamani kuliko askari wa plastiki asiye napo, ingawa gharama ya kuwatengeneza ni moja.

Televisheni iliingia kwa njia iliyokuwa na kelele nyingi. Mwaka 1969 kituo cha ABC kilirusha katuni iliyotokana na magari madogo ya Hot Wheels ya Mattel, kampuni nyingine ya matoi. Kampuni shindani ikalalamika kwa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, kwamba hicho si kipindi bali ni tangazo la nusu saa. FCC ikakubali hoja hiyo kwa kiasi kikubwa, na kwa zaidi ya miaka kumi makampuni yakaogopa kuigusa njia hiyo. Hasbro walipita pembeni: sheria na taratibu zilibana kiasi cha picha za katuni kinachoruhusiwa kwenye tangazo la toi, lakini hazikusema kitu kuhusu tangazo la kitabu. Kwa hiyo mwaka 1982 walitangaza kwenye televisheni kitabu cha katuni cha G.I. Joe, kwa picha za katuni tupu. Mwaka 1984 FCC ya enzi za Rais Reagan ikaondoa vikwazo, na mlango ukawa wazi kabisa.

Mattel tayari walikuwa ndani. Mdoli wao He-Man, aliyeanza kuuzwa 1982 akiwa na kijitabu cha hadithi ndani ya boksi, alianza kuonekana kwenye televisheni Septemba 1983. Studio ya Filmation ilitengeneza vipindi 65 kwa msimu, halafu 65 vingine. Namba hiyo ina sababu: siku tano kwa wiki, wiki kumi na tatu, ukimaliza unarudia. Vituo vilipewa kipindi kwa makubaliano ya kugawana muda wa matangazo. Mtoto akimwona mhusika kila siku baada ya shule, muda si mrefu amekuwa jamaa wa nyumbani. Filamu moja nzuri ya saa moja na nusu haiwezi kufanya kazi hiyo, hata ikipata tuzo.

Kuna mama mmoja Mmarekani, Peggy Charren, aliyeanzisha kikundi cha kutetea televisheni ya watoto mwaka 1968 na kupigana na haya yote hadi Bunge la Marekani likapitisha sheria ya 1990 iliyoweka kikomo cha dakika za matangazo katika vipindi vya watoto. Mimi niko upande wake. Mtoto wa miaka mitano hajui wapi hadithi imeishia na wapi ameanza kuuziwa kitu, na mzazi wa Chang'ombe au Kizota anayevutwa kanzu mbele ya meza ya matoi anaijua hali hiyo vizuri. Hakuna uzalendo wa katuni utakaonifanya nitamani tuijenge biashara hii kwa kuwalaghai watoto wetu wenyewe. Lakini Charren alikuwa anapinga ulaghai, na mhusika aliyeandikwa vizuri hauhitaji. Mwaka 2010 My Little Pony, safu ya farasi wadogo iliyoanza miaka ya themanini, ilipewa mwandishi aliyekuwa ameyachezea matoi hayo utotoni, Lauren Faust, na kipindi chake kikapata mashabiki watu wazima ambao hakuna aliyewalenga. Alianza na swali la kila farasi ni nani, kama Hama.

Pasipo hilo, pesa hazisaidii. Sinema ya He-Man ya 1987, iliyoigizwa na Dolph Lundgren, ilianguka, na mauzo ya midoli yenyewe yalikuwa yanaporomoka mwaka huohuo kwa sababu rafu zilijaa wahusika wapya ambao watoto hawakuwa na uhusiano nao. Mwaka 2012 mchezo wa Battleship ulifanywa sinema ya gharama kubwa. Mchezo ule ni gridi na misumari ya plastiki, hauna mtu hata mmoja ndani yake, na sinema ilionyesha hivyo. Hasbro walinunua kampuni ya filamu ya eOne kwa karibu dola bilioni nne mwaka 2019, wakaiuza biashara yake ya filamu na televisheni mwaka 2023 kwa takriban dola milioni 500.

Barbie alikwenda taratibu. Ruth Handler alimleta sokoni 1959, na kwa miongo mingi Mattel walikuwa waangalifu mno na sura yake. Mwaka 2001 zikaanza filamu za katuni za kwenye kanda na diski, zisizopita kwenye kumbi. Sinema yenyewe ya waigizaji, ya Greta Gerwig, ilikuja 2023, miaka 64 baada ya mdoli, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.4. Wapo wanaosema ni bahati ya msimu. Mimi naona ni wanawake wa vizazi vitatu walioingia ukumbini kila mmoja akiwa na Barbie wake kichwani, na mwongozaji aliyekubali kuwasikiliza wanaompenda na wanaomchukia.

Sasa turudi kwetu. Ukipita Sabasaba au Majengo utayaona maroboti ya kugeuka kuwa malori, ya bei nafuu, boksi limechapwa maneno yasiyo na maana, hakuna jina. Pembeni yake begi la shule lenye Spider-Man na ndala zenye Elsa. Muuzaji atakwambia linalotoka haraka ni lile lenye sura inayojulikana, na mtoto wa Nkuhungu ambaye kwao hawana hata king'amuzi analiita lile roboti lisilo na jina kwa jina lake. Mhusika alishafika Dodoma kabla ya toi lake halali, kabla hata ya kipindi chake. Hiyo ndiyo nguvu ninayoizungumzia, na tunaitazama kila siku kama bidhaa ya kawaida ya machinga.

Malighafi yetu si haba. Watoto wa vijiji vya Chamwino na Bahi wanafinyanga ng'ombe wa udongo wenye nundu na pembe, wanawachungia kwenye boma la vijiti, na ukimkalia mtoto jirani utasikia huyu ni mkorofi, yule hataki kuingia zizini, yule mwingine ndama wake ameliwa na fisi. Mtoto huyo ameshafanya kazi ya Larry Hama. Ameiacha kwenye vumbi kwa sababu hakuna aliyeiandika. Magari ya waya yenye matairi ya ndala chakavu yana madereva, yana safari, yanaharibika Kibaigwa na kutengenezwa. Kondoa kuna michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, yenye watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu ambao mchoraji yeyote wa katuni angewalipia. Na Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha uhuishaji, hivyo hata mikono ipo.

Kwamba mhusika wa Kitanzania anaweza kusimama, hilo halina ubishi tena. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa TBC mwanzoni mwa 2014, na baadaye Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, wamevuka mipaka kwa lugha kadhaa. Akili ana tabia, ana nyumbani kwao. Watoto wanamjua.

Tatizo letu kubwa ni umiliki, na hapa ndipo sitaki kupita haraka.

Mwaka 2010 kituo cha watoto cha BBC kilianza kuonyesha katuni ya Tinga Tinga Tales, yenye michoro ya mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Katuni hiyo ilikuwa ya kampuni ya Uingereza, Tiger Aspect, na ilitengenezwa Nairobi. Ni kazi nzuri, na vijana wa Nairobi walipata ajira na ujuzi ambao hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini mtindo ulizaliwa kwetu na biashara ikaandikishwa kwingine. Sioni haja ya kumlaumu mtu. Waliokwenda na karatasi mezani ndio waliosaini.

Linganisha na kilichotokea New Zealand. Mwaka 2001 LEGO walitoa safu ya Bionicle, matoi yenye hadithi ndefu ya kisiwa na mashujaa wenye barakoa, na wakatumia kwa majina maneno ya Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa New Zealand. Wamaori wakaleta mwanasheria. LEGO wakakubali kwamba hawatafanya hivyo tena bila ridhaa, na baadhi ya majina yakabadilishwa: wanakijiji walioitwa Tohunga, jina la wataalamu wa mambo matakatifu kwa Wamaori, wakawa Matoran. Wamaori hawakuwa na studio ya filamu wala kiwanda cha plastiki. Walikuwa na watu wanaojua kilicho chao na aliye tayari kuandika barua. Kama kesho kampuni itatengeneza midoli ya wachezaji wa ngoma za Kigogo na zeze zao, nani wa Dodoma ataiandika hiyo barua, na kwa niaba ya nani?

Kwa mhusika mpya, wa kubuni, mambo ni mepesi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda mchoro na maandishi tangu yanapokuwepo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili ya kukusaidia kuweka kumbukumbu. Haikulindi wazo lililo kichwani. Ndiyo maana ile karatasi yenye sura, jina na tabia ina thamani kuliko mazungumzo kumi kwenye mgahawa. Jina na alama vitakavyokaa kwenye bidhaa vinasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Jina hilo ndilo litakalonakiliwa kwanza mhusika akipendwa.

Kisha mkataba. George Lucas, alipokuwa anatengeneza Star Wars ya 1977, alikubali kutopandisha ujira wake akabaki na haki za bidhaa na za filamu zitakazofuata, wakati studio haikuona uzito wake. Takara nao hawakuuza na kuondoka. Waliwapa Hasbro leseni, wakabaki na soko la Japani, na wakaendelea kushiriki kutengeneza maroboti mapya hadi leo. Bob Budiansky, aliyeyapa yale maroboti majina yao, alikuwa mhariri wa kulipwa, na wahusika wakabaki mali ya kampuni. Watu watatu, kazi ya kiwango kimoja, na tofauti yote iko kwenye kifungu kimoja cha karatasi.

Kwa hiyo kituo cha televisheni kikimpigia simu kijana mwenye chumba cha uhuishaji kule Makulu, asianze na swali la bajeti. Atafute kifungu kinachosema nani anamiliki sura na jina nje ya kipindi: kwenye daftari, begi, fulana, mdoli, na kwa lugha nyingine. Kituo kipewe haki ya kurusha, kwa Kiswahili, ndani ya nchi, kwa miaka inayotajwa kwa namba. Kinachobaki kibaki kwa mwenye mhusika. Na kama kituo kitasema bila kuchukua kila kitu hakirushi, achukue faili lake aondoke, akatengeneze daftari la shule lenye sura ya ng'ombe wake mkorofi, aliuze Majengo Januari shule zinapofunguliwa.